Kwa Nini Pistoni Mpya Inakufa Tena

Nahodha mmoja wa Msanga Mkuu alivuka bandari kuja upande wetu wa Mtwara mjini, mashine yake ya boti imelazwa juu ya magunia ndani ya boti ya mwenzake. Ni mashine ya farasi 40, silinda mbili, ya mipigo miwili. Tustroki, kama tunavyoziita huku pwani. Nikamwamkia, akaitikia, akakaa juu ya kigogo cha mnazi na kufungua kipande cha turubai alichokuwa amekibana kwapani. Ndani mlikuwa na pistoni tatu.

“Zote za silinda ya juu, fundi. Tangu kaskazi ianze. Ya chini haijaguswa hata mara moja. Nikitia pistoni mpya mashine inakwenda vizuri wiki mbili, tatu, halafu inakamata, haizunguki tena. Sasa nieleze wewe, nauziwa feki?”

Vipuri feki vipo, na sikumlaumu kwa kuvishuku. Lakini pistoni tatu kutoka maduka matatu, zife kifo kimoja, mahali pamoja, na silinda ya jirani iwe nzima: hapo si pa kuanzia dukani. Pa kuanzia ni kwenye mashine yenyewe, na pistoni zile tatu ndizo mashahidi.

Kisa cha namna hii nimekiona kuanzia Mikindani hadi Msimbati, na hata kwenye boti za kuvusha watu kati ya Lindi mjini na Kitunda. Silinda inakufa, hedi (kifuniko cha juu cha silinda) inafunguliwa, pistoni inabadilishwa, hedi inafungwa. Hakuna anayeuliza kilichoiua ile ya kwanza. Hasara yake haiishii kwenye pistoni. Kuna siku za bahari zilizopotea, kuna mkopo wa mashine ambao haujalipwa, na msimu wa kusi kuna roho za watu, maana boti ikizimika nje ya mlango wa bandari huku upepo unasukuma, hapo si suala la hasara tena.

Ninayoeleza hapa yanahusu pia zile pikipiki za majini za zamani. Kawasaki walipoanza kuuza za kwao mwaka 1973, walitumia injini ndogo ya silinda mbili ya mipigo miwili, na kwa miaka mingi watengenezaji wengine walifuata njia hiyohiyo. Injini yake imefichwa ndani ya tumbo la chombo badala ya kuning'inia nyuma, lakini silinda ni ileile na inakufa kwa sababu zilezile.

Silinda moja, mapafu mawili

Aliyejifunza ufundi kwenye gari au kwenye bodaboda huja kwenye tustroki na mazoea yanayomponza. Kwenye injini ya mipigo minne kazi yote ya kupumua inafanyika juu ya pistoni: kunyonya, kugandamiza, kuwaka, kutoa moshi, na vali zinafungua na kufunga. Chini ya pistoni kuna oili tu. Kwa hiyo ukipima kompresheni ya juu, yaani nguvu ya kugandamiza, ukaikuta nzuri, umejua mambo mengi.

Tustroki haina vali juu. Ina matundu kwenye ukuta wa silinda, na pistoni yenyewe ndiyo inayoyafunika na kuyafunua. Pistoni inapopanda kugandamiza kilicho juu yake, wakati huohuo inavuta hewa na petroli kutoka kwenye kabureta, kupitia ndimi nyembamba za ridi, kuingia kwenye chumba cha krenki (shafti inayozungushwa na pistoni) kilicho chini yake. Moto ukiwaka, pistoni inashuka. Kwanza inafunua tundu la eksozi na moshi unatoka. Ikishuka kidogo tena inafunua matundu ya pembeni, na ule mchanganyiko uliobanwa chini unapanda juu kwa nguvu kuchukua nafasi ya moshi. Mpango huu wa kuifanya sehemu ya chini kuwa pampu uliletwa na Mwingereza Joseph Day mwanzoni mwa miaka ya 1890, na mashine iliyo mgongoni mwa boti ya Msanga Mkuu leo bado inafuata mpango huohuo.

Silinda ya tustroki basi ina mapafu mawili. La juu linagandamiza, la chini linasukuma. Na kila silinda ina chumba chake cha krenki, kilichozibwa kisichangie hewa na cha jirani. Chumba kimoja kinaweza kuugua huku cha pili hakina habari.

Tena ule mchanganyiko unaopita chini hauleti chakula cha moto peke yake. Ndani yake mna oili, na ndiyo oili pekee ambayo beringi za krenki, fimbo ya pistoni na ukuta wa silinda zinapata. Petroli yenyewe inapogeuka mvuke hupoza vitu inavyovipitia. Silinda ikinyimwa mchanganyiko huo imenyimwa chakula, oili na baridi kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana tustroki yenye njaa ya mafuta haidhoofiki polepole kama mgonjwa wa malaria. Inakwenda vizuri, tena wakati mwingine kwa kasi ya kupendeza, kisha inakamata.

Geji ya kompresheni inapima pafu la juu tu. Hapo ndipo mashine ya mzee huyu ilipowadanganya watu wote waliotangulia kuishika. Kila baada ya pistoni mpya walipima, wakakuta namba safi, wakamkabidhi.

Kabla ya spana kugusa hedi

Mashine ikiletwa na silinda moja haifanyi kazi, naanza na visivyo na gharama. Plagi zinatolewa, zinapangwa kwa mpangilio wa silinda zake, zinatazamwa kwenye mwanga wa jua. Plagi ya kahawia kama maganda ya korosho iliyokaangwa vizuri imetoka kwenye silinda yenye afya. Nyeusi yenye majimaji ya petroli na oili: silinda inapata mafuta lakini haiwaki, tatizo huenda ni umeme. Nyeupe kavu, kauri imeungua kama chokaa: joto limezidi, mara nyingi hewa ni nyingi na petroli ni kidogo. Ukiona chembechembe za kung'aa zimeganda kwenye ncha, hiyo ni alumini, ni pistoni inayeyuka kidogo kidogo na kurukia plagi. Mashine yenye dalili hiyo isiwashwe tena hata kwa dakika moja. Na ukikuta plagi na sehemu ya hedi imesafishika kabisa, haina masizi, kana kwamba imeoshwa kwa mvuke, basi imeoshwa kwa mvuke kweli: maji yanaingia ndani kupitia gaskiti.

Plagi isomwe baada ya mashine kufanya kazi kwa moto wa safari, yaani mkono wa mafuta umefunguliwa kama ukiwa njiani, na kuzimwa hapohapo. Ukiiacha ilie polepole dakika kumi kabla ya kuizima, unasoma habari za silensa, yaani mlio wa chini, husomi habari za safari.

Umeme unafuata. Mbinu ninayoipenda haihitaji chombo chochote: hamisha. Peleka plagi ya juu chini na ya chini juu. Ugonjwa ukihama na plagi, umemaliza kazi kwa bei ya plagi. Usipohama, hamisha koili kama muundo unaruhusu. Ugonjwa ukibaki palepale baada ya kuhamisha vyote viwili, sasa una haki ya kuishuku silinda. Wapo wanaochomoa waya wa plagi mashine ikinguruma ili wasikie kama mlio utashuka. Silinda nzima ukiinyima moto, mlio unashuka. Iliyokufa ukiinyima, hakuna kinachobadilika. Kipimo ni cha kweli, lakini waya usiachwe ukining'inia hewani. Umeme wa mashine hizi ni mkali, ukikosa pa kuruka unaweza kuua koili, na ukirukia mkono utakutupa majini. Weka plagi ya akiba kwenye waya huo, uifunge igusane na bloku. Na mashine iwe ndani ya maji, au mguu wake uwe ndani ya pipa la maji. Pampu yake ya maji ina mapanga ya mpira, na mpira huo ukizunguka pakavu hauchukui muda kuungua.

Kupima kompresheni kwa haki

Namba ya geji ina maana kama kipimo kimefanywa kwa haki, na hapa ndipo nimeona makosa mengi kuliko penginepo.

Mashine iwe ya moto kama inawaka. Toa plagi zote, si moja tu, ili uvutaji uwe mwepesi na sawa. Chomoa ile kamba ya usalama ya kuzimia, na waya za plagi ziguse bloku, kwa sababu kila mvuto utakaovuta utarusha mvuke wa petroli kupitia matundu ya plagi, na cheche moja inatosha kukuunguza nyusi. Kisha fungua moto hadi mwisho. Hili ndilo linalosahaulika. Kabureta ikiwa imefungwa, silinda haina hewa ya kugandamiza, na geji itasoma chini hata kwenye mashine iliyotoka kwenye boksi jana. Vuta kamba ya kuwashia kwa nguvu moja, mara tano hadi saba, mpaka sindano isimame. Hesabu mivuto. Silinda ya pili ipate mivuto ileile, kwa mkono uleule. Asianze kijana mwenye nguvu akamalizia babu.

Geji nayo ina tabia zake. Yenye mpira mrefu na vali ya kuzuia hewa iliyo mbali na plagi inasoma chini, maana urefu wa mpira umekuwa sehemu ya silinda. Kwa hiyo sipendi kubishana juu ya namba moja iliyosomwa na geji mbili. Mashine nyingi za aina hii zikiwa nzima husoma kati ya paundi 90 na 130 kwa inchi ya mraba, kutegemea muundo. Kinachosema zaidi ni tofauti kati ya silinda za mashine moja. Ikizidi asilimia 10, anza kuwa na mashaka. Paundi 120 chini na 60 juu, kama ya mzee huyu ilivyosoma ilipoletwa, hapo hakuna mashaka tena.

Kwa kuwa hakuna vali, hewa ya juu ina njia chache za kutorokea: pembeni mwa ringi zinazoizunguka pistoni, kwenye tundu lililotoboka katika kichwa cha pistoni, kwenye gaskiti ya hedi, au kwenye plagi isiyokazwa. Silinda mbili jirani zikisoma chini kwa pamoja, gaskiti kati yao ndiyo mshukiwa wa kwanza. Kile kipimo cha kumwaga kijiko cha oili na kupima tena, ambacho kwenye gari kinatenganisha ringi na vali, kwenye tustroki sikiamini sana. Kuta zake tayari zina oili, na oili unayoongeza inakimbilia kwenye matundu. Nikiwa na wasiwasi naona afadhali kutoa kifuniko cha eksozi na kuchungulia. Kupitia tundu la eksozi unaiona pistoni uso kwa uso, na ringi zake, bila kugusa hedi. Ringi ikibonyezwa kwa kijiti cha mti inatakiwa irudi kama springi. Isiporudi, imeganda ndani ya mfereji wake.

Namba ikizidi nayo si habari njema. Mashine iliyokuwa ikisoma 120 ikianza kusoma 145 bila mtu kuigusa imejaza masizi magumu juu ya pistoni, na nafasi ya moto imepungua.

Pistoni tatu juu ya turubai

Tulizipanga pistoni zile kwa tarehe ya kufa. Mzee alizikumbuka zote.

Ya kwanza ilikuwa na michirizi ya wima upande wa eksozi peke yake. Ya pili ilikuwa vilevile, na alumini iliyosuguliwa ilikuwa imeziba mfereji wa ringi hadi ringi haisogei. Ya tatu, ukingo wa kichwa upande wa eksozi ulikuwa umeanza kuyeyuka, umelainika kama mshumaa. Lakini upande wa pili, unaotazama kabureta, zote tatu zilikuwa safi, zina utando mwembamba wa oili.

Pistoni ni ya alumini, na silinda yake ni ya chuma cha kusubu. Alumini hutanuka kwa joto karibu mara mbili ya chuma hicho, na huyeyuka kwenye nyuzi 660 hivi za selsiasi. Nafasi kati ya pistoni na ukuta imepimwa kwa joto la kawaida. Joto likizidi, pistoni inatanuka hadi inakumbatia ukuta, na namna inavyokumbatia hutegemea joto lilikotoka.

Oili ikikosekana, kwa mfano mtu amesahau kuchanganya dumu moja, pistoni inachubuka pande zote, hata upande wa kabureta, na silinda zote zinaumia. Maji ya kupoza yakikosekana, pistoni inachubuka kwenye pembe nne, nayo kwa kawaida haichagui silinda moja. Pembe nne hizohizo huonekana pia kwa mtu anayewasha mashine baridi alfajiri na kuipa moto wote hapohapo: pistoni inatanuka upesi huku ukuta bado unapozwa na maji ya bahari. Mafuta mabaya yanaacha alama nyingine. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa haivumilii kugandamizwa. Inalipuka yenyewe kabla ya wakati, na ukingo wa pistoni unabaki na vidonda, kana kwamba umetafunwa na panya. Kwenye gari ungesikia injini inagonga. Kwenye boti, kwa kelele ile, husikii kitu. Uchakachuaji huo ulikuwa mkubwa hata serikali mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili bei zikaribiane na tamaa ipungue, lakini petroli inayouzwa kwenye chupa kijijini bado napendelea kuinusa kwanza.

Sasa rudi kwenye turubai. Upande wa kabureta una oili, kwa hiyo oili ilikuwepo. Hakuna pembe nne, na silinda ya chini ni nzima, kwa hiyo maji yalikuwa yanapita. Hakuna alama za panya, na dumu la petroli ni moja kwa silinda zote mbili. Upande wa eksozi, ambao ndio wa moto kuliko wote, umeshindwa peke yake. Hiyo ni alama ya silinda yenye njaa: hewa nyingi, petroli kidogo.

Waliotangulia walifika hapo. Kila mmoja alisema kabureta, na kila mmoja aliifungua na kuisafisha. Ila mashine hii ina kabureta moja tu inayolisha silinda zote mbili. Kama kabureta ndiyo inayobana petroli, ya chini ilikuwa inakula nini? Ingekuwa mashine yenye kabureta kwa kila silinda, ningekubaliana nao na kuanzia kwenye jeti, vitundu vya kupitishia petroli, za ile ya juu. Kwa hii, njaa ilikuwa inaanzia baada ya kabureta. Mahali fulani hewa isiyopimwa ilikuwa inaingia kwenye chumba cha juu.

Nikamuuliza, “Mzee wangu, ukipunguza moto unapokaribia kutia nanga, mlio unashuka mara moja?”

Akafikiri kidogo. “Haushuki. Inalia juu hivihivi kwanza, kama imekataa, halafu ndiyo inatulia. Waliniambia ni kebo.”

Hiyo ndiyo dalili ambayo sikuwa nimeiona kwenye turubai. Moto ukipunguzwa kabureta inaziba, chumba cha krenki kinavuta kwa nguvu, na kama kuna ufa hewa yote inapitia hapo. Mashine inabaki inakimbia kwa mchanganyiko mwepesi.

Kupima pafu la chini

Kazi hii haihitaji vifaa vya kuagizwa mbali, inahitaji uvumilivu. Chukua plagi ya zamani, ivunje kauri ndani, uchomelee vali ya tairi la baiskeli. Hiyo ni njia ya kuingizia hewa. Kichwa cha mashine, yaani injini yenyewe, kinatolewa kwenye mguu wake, na mlango wa eksozi chini unazibwa kwa bati na mpira uliokatwa kwenye tyubu kuukuu. Kabureta inatolewa, na mlango wake unazibwa vilevile. Zungusha krenki hadi pistoni ya silinda unayoipima iwe chini kabisa. Hapo matundu yako wazi, na pafu la juu na la chini yamekuwa chumba kimoja. Funga plagi yako yenye vali, piga hewa kwa pampu ya baiskeli polepole, geji ya shinikizo dogo ikiwa imeunganishwa. Paundi 6 au 7 zinatosha. Usipite 10, unaweza kuzing'oa oili sili nzima, yaani mipira inayoziba pembeni mwa shafti, na kujitengenezea ugonjwa mpya.

Silinda nzima haipotezi zaidi ya paundi moja kwa dakika. Ya chini ya mzee ilishika vizuri. Ya juu tulipiga pampu, na kabla sijainua mkono sindano ilikuwa imerudi sifuri.

Hapo ndipo povu la sabuni linapofanya kazi. Tulipaka kwenye maungio ya bloku, kimya. Kwenye gaskiti ya ridi, kimya. Juu, chini ya flaiwili (gurudumu zito lililo juu ya krenki), hatukuweza kuona, kwa hiyo tukaivuta flaiwili kwa pula, chombo cha kuing'olea. Chini yake povu lilichemka kuzunguka shafti. Oili sili ya juu ya krenki ilikuwa ngumu kama kifuu, midomo yake imepasuka, na chumvi nyeupe imeganda pembeni.

Mashine ya boti husimamisha krenki yake wima, na oili sili ile ya juu ndiyo dari ya chumba cha silinda ya juu. Ikipasuka, anayeumia ni silinda hiyo peke yake. Sili ya chini ikichoka, silinda ya chini ndiyo inayougua, nayo huweza kuvuta moshi au hata maji. Kwenye pikipiki ya majini krenki imelala, hivyo ni silinda ya mbele au ya nyuma, lakini hoja haibadiliki: silinda ya mwishoni inapokufa mara kwa mara na ya jirani ni nzima, tazama sili iliyo upande wake. Kipande chenyewe ni mpira na chuma kidogo, na bei yake haifiki hata ya seti ya ringi. Pistoni tatu zilikufa kwa ajili yake kwa sababu kukifikia lazima flaiwili itoke, na hakuna aliyekuwa na pula.

Mchanga wa bamvua

Nisieleweke kwamba kila silinda inayokufa imeuliwa na hewa. Huku kwetu muuaji mkubwa zaidi pengine ni mchanga. Maji ya bamvua yakipwa, bahari inarudi mbali sana, na manahodha wasiotaka kusubiri maji yajae huisukuma boti juu ya fungu mashine ikinguruma. Pampu inavuta tope na mchanga, mapanga ya mpira yanalika, na njia za maji ndani ya bloku zinaanza kuziba, chumvi ikisaidia. Maji mafu, yasiyopwa mbali, hayana shida hiyo sana, kwa hiyo wengine wanashangaa kwa nini mashine inapata joto wiki moja na wiki nyingine haipati.

Tazama mashine inavyokojoa. Maji yatoke kwa nguvu na yawe vuguvugu. Yakitoka kidogo, ingiza waya mwembamba kwenye kitundu kwanza, maana mara nyingi kilichoziba ni mchanga wa hapohapo mlangoni. Yakitoka moto wa kuunguza au yakibadilika kuwa mvuke, zima. Usiseme nitafika tu.

Kuifunga

Silinda ya juu ilikuwa na alumini iliyojipaka ukutani na mikwaruzo inayoshika ukucha. Tuliichonga, yaani kuipanua, kwa saizi ya juu zaidi ya robo milimita, yaani 0.25, na pistoni yake ikawa ya saizi hiyo. Baada ya kuchonga, kingo za matundu zinabaki kali kama wembe, na ringi ikipita hapo inanasa na kuvunjika. Lazima zilainishwe kwa mkono, tundu moja baada ya jingine. Nimeona silinda iliyochongwa kwa ustadi ikafa siku ya kwanza kwa sababu ya dakika ishirini hizo zilizorukwa. Pengo la ringi tulilipima kwa fila geji, ringi ikiwa ndani ya silinda yenyewe, tukalinganisha na kitabu cha mashine. Oili sili mpya zikawekwa juu na chini, shafti ikapitishwa ukucha kutafuta mfereji ambao sili ya zamani huwa inauchimba. Haukuwepo. Tukaziba tena milango, tukapiga pampu: paundi 7, na baada ya dakika moja sindano ilikuwa palepale.

Kwa dumu la lita 20 huwa anatia oili mililita 400, ndiyo 50 kwa 1, na kitabu cha mashine yake kinakubali. Madumu ya kwanza nilimwambia atie 800, asifungue moto wote, na asikae kwenye mlio mmoja muda mrefu. Alirudi baada ya saa kumi za kazi. Geji ilisoma 120 chini na 122 juu. Akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika namba hizo na tarehe ndani ya kifuniko cha mashine.

Alipoondoka nilisimama ufukweni. Kwenye madau yaliyotia nanga akapunguza moto ili asiwatikise wenzake, na mlio ukashuka hapohapo.